Kufungua CPU nyumbani bila fundi, na mbona chuma cha nyuma kinanitekenya?

mama_taipu aliandika:

Habari zenu wadau. Mimi hufanya kazi ya kutaipu na transkripsheni hapa nyumbani Umoja, na mashine ninayotegemea ni Dell OptiPlex 7010, zile za ex-UK (zilizotumika kwa ofisi za Uingereza), ile saizi ndogo inalala chini ya monita. Siku hizi feni inanguruma mpaka nikivaa hedifoni bado naisikia, na mchana jua likiwa kali inajizima yenyewe, haitoi onyo wala nini, skrini inaenda nyeusi na kazi ambayo sijaseve inaenda nayo. Barabara yetu haina lami, vumbi ni la kila siku, kwa hivyo nadhani ndani kumejaa.

Nataka kuifungua mwenyewe niipanguse, na nikiwa huko ndani niongeze RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), iko na 4GB tu na kivinjari pekee kinaimaliza. Kwa fundi sitaki, jirani alipeleka yake ikarudi na RAM nusu ya ile ilienda nayo na hakukuwa na pa kulalamika. Lakini huyo huyo jirani ananiambia nisiguse, ati CPU hubaki na stima ndani hata ukishachomoa na inaweza kuua mtu. Mwingine wa kanisani akasema wacha wee, si stima ya kuniua mimi, ni mimi nitaiua mashine na mikono yangu, ati mwili uko na umeme. Sasa nimuamini nani?

Kitu kingine, sijui kama kinahusiana, nikigusa chuma cha nyuma penye waya zinaingia, hasa nikiwa miguu mitupu kwa sakafu, kinanitekenya. Si kupigwa, ni kutetema tetema chini ya ngozi. Mtoto pia alishika siku moja akasema inauma. Niko na bisibisi ya nyota, brashi mpya ya rangi, na Jumamosi mchana. Nielezeni polepole.

---

bisibisi_bora alijibu:

Dada, hao wawili kila mtu ameshika kipande chake cha ukweli.

Jirani anaongelea pawa saplai, ile boksi ya chuma iko na feni yake, waya ya ukutani ndiyo inaingilia hapo. Ndani yake stima ya 240V inageuzwa inakuwa ya mkondo mmoja na kukaa kwa kepasita kubwa (vipuri vya kuhifadhi chaji) ikiwa zaidi ya volti 300, na hizo kepasita zinaweza kushikilia chaji hata baada ya kuchomoa. Ndiyo maana hiyo boksi HAIFUNGULIWI, nyumbani ama popote kama hujasomea. Hata uone matundu yake yamejaa vumbi, brashi inaishia nje, usiingize bisibisi wala waya wala kijiti. Ikikufa inatolewa nzima inawekwa ingine.

Lakini sasa kinachotoka hapo kuenda kwa mashine ni volti 12, 5 na 3.3, hiyo haina nguvu ya kukuua. Kwa hivyo ukifungua mfuniko wa CPU na uache pawa saplai ikiwa imefungwa, kitu kitakuumiza ni kingo za bati tu, na hizo zinakata kweli, usipitishe vidole haraka haraka.

Siku yenyewe, kwanza kopi kazi zako kwa flashi. Zima Windows kabisa, si kuilaza. Zima soketi, chomoa waya ya stima huko ukutani na pia nyuma ya CPU, halafu chomoa kila kitu kingine, monita, spika, yuesibi, intaneti, isibaki imeshikana na kitu chochote. Piga picha nyuma na simu kabla ya kuchomoa kama hukumbuki ni wapi kunaenda nini. Ikishakuwa peke yake bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kama sekunde kumi na tano. Unaweza kuona taa ikimweka ama feni ishtuke kidogo halafu kimya, hiyo ni chaji iliyobaki ikiisha. Ukishafungua angalia madabodi, ile bodi kubwa vipuri vyote vinashikana nayo, ukiona taa ndogo bado inawaka ujue kuna waya umesahau, maana mashine ikiwa imezimwa lakini iko kwa soketi bado inapokea volti 5 za kungojea kuwashwa.

Mfuniko wa 7010 hautaki bisibisi. Angalia nyuma kama kuna kufuli, mashine za ofisi zilikuwa zinafungwa, kama hakuna tafuta komeo la plastiki kwa mfuniko, livute na mfuniko utainuka. (Mwenye tawa ya kawaida, ile CPU ya kusimama, anayesoma hapa: skrubu mbili nyuma, upande wa kushoto ukiangalia CPU kwa uso, na bati linatelezeshwa kurudi nyuma, halivutwi nje kwa nguvu.)

Wa kanisani naye hakudanganya. Cheche ya stetiki, huo umeme wa mwili, mtu huanza kuisikia ikifika kama volti 3,000, na vipuri vya ndani vinaweza kuharibika kwa chini ya hapo sana, yaani unaweza kuua RAM na usisikie kitu. Fanyia mezani kwa mbao, usifanyie kwa kitanda juu ya blanketi wala kwa kapeti ya manyoya, vua hiyo sweta ya nailoni, na kabla hujagusa kitu ndani shika chuma cha boksi mahali hakuna rangi. Urudie kushika kila ukitoka ukirudi.

Hiyo ya kutekenya naachia watu wa stima. Sijaipenda.

---

Jemo_wa_South_B alijibu:

Mkuu hapo juu umepotosha mtu. Ukichomoa waya umetoa earth (ardhi), sasa stetiki itaenda wapi? Unaacha waya ikiwa kwa soketi, unazima tu swichi ya ukutani, hapo chuma cha CPU kinabaki kimeshikana na ardhi na ukikigusa umemwaga chaji yote. Video zote za Wazungu wanafanya hivyo.

---

waya_tatu alijibu:

Jemo, kwa hao Wazungu inaweza kufanya kazi sababu nyumba imekaguliwa na waya ya ardhi iko kweli. Mimi ni fundi wa stima, nafanya hizi ploti zetu Eastlands, wacha nikwambie kile hukuta nikifungua soketi. Unapata waya ya ardhi imekatwa imekunjwa nyuma ya soketi haijafungwa popote. Ama iko, lakini huko kwa mita haijaunganishwa na fimbo yoyote ya ardhini. Ama waya ya moto na ya nyutro zimebadilishana, sasa ukizima ile swichi umekata nyutro, moto bado uko mpaka ndani ya pawa saplai na wewe unajiona uko salama. Kwa hivyo hapa kwetu waya inachomolewa, sitaki kusikia swichi.

Halafu hata hiyo hoja ya stetiki si lazima iende ardhini. Chenye kinaua RAM ni tofauti ya chaji kati ya mkono wako na mashine. Ukishika chuma cha boksi, wewe na boksi mmekuwa sawa, na madabodi imefungwa kwa hiyo chuma, kwa hivyo hakuna cheche ya kuruka. Kuchomoa hakukuharibii chochote.

Sasa mama taipu, hiyo ya kutekenya ndiyo imenifanya niingie hapa. Kabla ufungue hiyo mashine nataka kujua: waya yako ya ukutani iko na plagi ya aina gani? Na unachomeka kwa ukuta moja kwa moja ama kwa ekstensheni?

---

mama_taipu alijibu:

Asante sana nyote, Mungu awabariki. @waya_tatu plagi ni ile nene ya duara iko na pini mbili za mviringo, ndiyo nilipewa na mwenye duka. Inaenda kwa ekstensheni. Kuiingiza lazima uweke kalamu kwa lile tundu la juu ndio ikubali, si kila mtu hufanya hivyo?

---

waya_tatu alijibu:

Hufanya ndiyo, na ndiyo hiyo shida yako. Lile tundu la juu unaweka kalamu ndilo la ardhi. Pini ndefu ya plagi yetu ndiyo inafungua vifuniko vya yale matundu mawili ya chini, kalamu inadanganya soketi tu. Na hiyo plagi yako ya duara ni ya kule Ulaya bara, ardhi yake iko kwa vile vibati vya pembeni, na kwa soketi ya pini tatu hivyo vibati havigusi kitu. Umeweka mashine ya chuma kwa stima bila ardhi hata kidogo. Na fyuzi pia huna, sababu kwetu fyuzi hukaa ndani ya plagi ya pini tatu.

Mbona inatekenya: kwa mlango wa pawa saplai kuna kepasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, moja imefungwa kutoka waya ya moto hadi kwa boksi, ingine kutoka nyutro hadi kwa boksi. Zikiwa na ardhi, ule umeme mdogo unaopenya unateremka na waya ya ardhi na hujui uko. Bila ardhi boksi lote linaelea kati kati, ukipima unaweza kuona kama volti 120, lakini mkondo wake ni mdogo sana, ndiyo unasikia tu kutetema, na ukiwa miguu mitupu kwa sakafu ya simiti unasikia zaidi sababu wewe ndiye umekuwa waya ya ardhi.

Peke yake hiyo haiui. Lakini siku kitu kitakatika ndani ya pawa saplai na waya ya moto iguse boksi, hakutakuwa na kutekenya tena. Ardhi ingekuwepo fyuzi ingekatika hapo hapo. Isipokuwepo boksi linabaki na 240V likingojea mkono, na umesema kuna mtoto.

Nunua waya ya kompyuta ya pini tatu bapa, iwe na fyuzi ndani, ni kitu cha bei ndogo na kiko kila duka la vifaa vya umeme. Angalia ekstensheni pia, kuna zile za bei rahisi ndani ziko na waya mbili tu ingawa kwa uso zina matundu matatu. Ukishabadilisha, chomeka kwa ukuta moja kwa moja, gusa chuma na mgongo wa mkono. Kama bado kinatekenya basi ni nyumba haina ardhi, hapo usijaribu kitu, ita fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kawi Kenya) na umwambie landilodi ni yeye analipa. Keateka atakwambia ni kawaida. Si kawaida.

---

Jemo_wa_South_B alijibu:

Sawa bana, hiyo ya waya kubadilishana sikuwa nimeifikiria. Lakini kwa nyumba iko na ardhi nzuri bado nasimama na yangu.

---

vumbi_na_mende alijibu:

Wacha niongee juu ya vumbi sababu kazi ndiyo iko hapo. Mashine kujizima jua likiwa kali ni prosesa inachemka mpaka inajikata isiungue, inajikinga, kwa hivyo bado iko hai usiogope.

Fanyia kwa korido ama balkoni, si kwa chumba unalala, na ufunge mdomo na maski. Ukifungua utaona feni na plastiki ya kuelekeza hewa, nyuma yake mapezi ya bati yamepangwa karibu karibu. Feni yenyewe huwa haina mambo, shida ni hapo kwa mapezi, vumbi limeshikana likawa kama kitambaa, hewa haipiti. Shikilia feni na kidole isizunguke ukipiga brashi ama ukipuliza, ikizungushwa kwa kasi beringi inaumia, na tena feni ikizunguka yenyewe inakuwa jenereta inarudisha umeme kwa bodi. Brashi iwe kavu. Usipulize na mdomo, mate yanaingia. Usitumie ile kompresa ya pancha, inatoa maji na mafuta pamoja na hewa na presha yake inang'oa vitu. Vakyumu ya nyumba pia hapana, ule mpira wake unajenga stetiki. Pampu ya baiskeli ya mkono ni sawa kabisa, watu hucheka lakini ni sawa.

USITOE yale mapezi kwa prosesa kama huna pesti mpya. Kati kati yao kuna pesti ya kupitisha joto na ukishaitenganisha haishiki tena vizuri, mashine itachemka kuliko mwanzo. Safisha yakiwa hapo hapo.

Na jitayarishe kukuta mende. Wanapenda joto. Usipige dawa ya spreyi ndani, fagia tu na brashi.

---

ramu_mbili alijibu:

Kuhusu RAM, usinunue kabla ya kufungua na kusoma stika ya hiyo iko ndani. 7010 ndogo kama yako inatumia DDR3 ya deskitopu, ile ndefu, iko na nafasi nne na inaweza kufika 32GB ingawa kwa kutaipu 8GB inakutosha na itabaki. DDR4 haiingii, mkato wake uko mahali pengine, na ya laptopu ni fupi pia haiingii. Kwa stika tafuta PC3-12800U, hiyo herufi U ya mwisho iangalie vizuri. Kule tao utapata mtu anakuuzia yenye R kwa bei ya kuvutia, hiyo ni ya seva, itakaa kwa nafasi vizuri kabisa na mashine haitawaka.

Kuiweka: fungua komeo za pembeni zote mbili, linganisha mkato na kile kijino cha nafasi, bonyeza pande zote mbili na vidole gumba mpaka komeo zijifunge zenyewe. Inataka nguvu kidogo kuliko utakavyodhani. Shika RAM kwa kingo, usishike yale meno ya dhahabu. Kama unaweka mbili zinazofanana, weka kwa nafasi za rangi moja.

Na ukiwa humo ndani angalia betri ya duara ya CR2032. Kama saa ya kompyuta hurudi nyuma kila stima ikipotea na tovuti zinakukataa ati si salama, hiyo betri imeisha, badilisha, ni ya volti 3 na iko hata supamaketi.

---

mama_taipu alijibu:

Nimerudi. Nilianza na waya, nikanunua ya pini tatu na nikaachana na ekstensheni, kutekenya kumeisha kabisa, nimegusa na mkono wote nikiwa miguu mitupu hakuna kitu. Kumbe nilikuwa nadhani kompyuta zote huwa hivyo.

Mfuniko ulitoka rahisi, komeo moja tu. @vumbi_na_mende ulisema kweli hata kwa mende. Yale mapezi upande wa feni ulikuwa umezibwa wote, nimetoa vumbi la kujaza kiganja. Pawa saplai nimepanguza nje tu. RAM nimesoma stika ni PC3-12800U 4GB, nimeongeza moja kama hiyo, Windows inaonyesha 8GB, na leo saa nane na jua lote hili imekaa bila kujizima, feni naisikia tu nikitega sikio.

Sasa shida, kila nikiwasha inaniletea maandishi kwa skrini nyeusi, Alert! Cover was previously removed, halafu inangoja. Nimeharibu?

---

bisibisi_bora alijibu:

Hujaharibu. Kuna swichi ndogo inabonyezwa na mfuniko, ofisi za kule ziliitumia kujua kama mfanyakazi amefungua mashine. Kwanza hakikisha mfuniko umekaa vizuri hadi komeo limelia. Ukiona hayo maandishi bonyeza F1 inaendelea kuwaka kawaida. Kuyatoa kabisa, zima, washa tena huku ukibonyeza bonyeza F2 mpaka uingie baiosi (mipangilio ya mashine kabla Windows iwake), enda Security halafu Chassis Intrusion, chagua Disabled, bonyeza Apply, toka.

---

Jemo_wa_South_B alijibu:

Na kama haina paswadi. Mashine zingine za ex-UK baiosi imefungwa na ofisi ya kwanza, ukikuta imekuitisha rudi hapa utuambie kabla ya kujaribu kitu.

---

mama_taipu alijibu:

Haikuwa na paswadi. Maandishi yameisha. @waya_tatu jirani wa chini naye anaweka kalamu, nimemwambia anunue waya kama yangu, na keateka amesema kweli kabisa vile ulisema atasema.